Bawabu wa Ukumbi Wetu

Bawabu wa ukumbi wetu wa dansi pale Ujiji alikuwa na mikono mipana na sauti ya chini. Mlevi akileta fujo, alimwekea kiganja kifuani na kumwambia, "Twende nje ndugu, ukapunge upepo," naye akatoka. Jumapili moja mchana mwalimu Gervasi alituonyesha humo sinema aliyoitengeneza kwa kamera ya kuazima, kuhusu walinzi wa dansi. Ilipokwisha akaomba maoni. Bibiana, muuza dagaa wa Kibirizi, akasimama. "Picha ina giza, hilo tunakusamehe. Lakini mlinzi wako anapiga watu! Wetu anamtoa mume wangu humu tangu Uhuru, na hajamwachia hata alama." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Bawabu akainuka, akafunga kifungo cha juu cha shati, akabaki wima mpaka yalipokwisha.