Profesa wa Lufingo

Shangazi yangu Esnath wa Lufingo ana ng'ombe mmoja na mdomo mkali, na ndiye aliyeniokoa chuoni.

Tasnifu yangu ya uhusiano wa kimataifa ilikuwa imerudishwa mara mbili. Niliandika kwamba juu ya mataifa hakuna serikali, basi kati yao ni vurugu tupu, mwenye nguvu anajichukulia. Mwalimu akaandika pembeni: "Mbona barua zinavuka mipaka na kufika?" Ikirudi mara ya tatu, nimekwisha. Nikakimbilia kwa shangazi kuandika upya.

Asubuhi alinituma na keni ya maziwa pale gari la maziwa linaposimama. Watu hupanga keni zao kwenye foleni, wanaenda zao shambani. Gari likifika, waliopo wanawasogezea wasiokuwepo. Mlinzi hakuna. Siku hiyo nina haraka, nikaiweka yangu mbele ya keni ya jirani, Mama Nusrat. Nani angenizuia? Nikajiona mjanja kweli!

Kesho yake niliacha keni nikarudi kuandika. Mchana naifuata, gari limeshaondoka, keni iko palepale peke yake, maziwa yamekatika.

Nilifoka njia nzima. "Watu gani hawa, shangazi! Hata kusogeza keni?"

"Wee mtoto, si uliruka keni ya Mama Nusrat? Hata Erasto mwenye ng'ombe ishirini haruki. Siku akiwa msibani Masoko, nani atamsogezea? Nenda kaombe radhi, tena sasa hivi!"

Nikaenda, aibu imenijaa. Mama Nusrat akasema, "Haya mwanangu, yameisha."

Asubuhi iliyofuata niliweka keni mwisho kabisa, nikaondoka makusudi. Haya nayo yakiharibika, shangazi hana maziwa mengine. Niliporudi, keni ilikuwa tupu, imesuuzwa, imewekwa kivulini.

"Nani kanisogezea?"

"Sote," alijibu Mama Nusrat.

Machozi yalinitoka, sifichi. Nikafuta sura ya kwanza yote nikaanza upya, na yale maneno ya shangazi ya msiba nikayanukuu kwa jina la mwenyewe.

Mwezi uliofuata, nimesharudi chuoni, jibu la mwalimu likaja: "Umefaulu. Ila huyu Esnath ni profesa wa chuo kipi?"

Nikampigia simu, nikamsomea. Shangazi alicheka mpaka akakohoa.

"Mwambie nakamua," akasema.