Kielezi Kilichomwokoa Mwalimu

Mwalimu Ng'wandu alinukia kabla hajaonekana. Marashi yake makali yaliingia darasani kwanza, yakachanganyika na vumbi la pamba tuliyotoka kuvuna katika shamba la shule, kisha ndipo akatokea mwenyewe, kola imesimama, fimbo kwapani, akisubiri tusimame tumwite "Sir". Kumwita "mwalimu" lilikuwa kosa. Kumsalimia "mwangaluka", kama tulivyomsalimia kila mtu mzima tuliyekutana naye njiani asubuhi, lilikuwa kosa kubwa zaidi, maana Kisukuma, alisema, ni lugha ya kuitia ng'ombe. Yeye mwenyewe alizaliwa na kulelewa kwa lugha hiyo hiyo, kijiji cha pili kutoka chetu. Mama yake alipokuja siku moja kumletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa juani, alimpokelea nyuma ya vyoo, ili tusimsikie akimwita "mayu", yaani mama.

Tulikuwa kidato cha kwanza, wilaya ya Bariadi, katika shule ambayo sioni sababu ya kuitaja. Miaka yote ya msingi tulisomeshwa kwa Kiswahili; likizo moja ikapita, tukatakiwa kuamka Waingereza. Kazi ya kutugeuza alipewa Ng'wandu, na debe tupu haliachi kuvuma. Sentensi ya Kiingereza, alitangaza, ina nguzo tatu: vebu, advebu na ditamina, na kila nguzo aliijua kwa sheria moja isiyo na mjadala. Vebu, yaani kitenzi, ukimsema mtu mmoja asiyekuwapo, ibandike "s" mkiani. Ditamina ni kale kaneno kanakotangulia jina: weka "the" mbele ya mtu wa heshima, weka "a" mbele ya mtu wa ovyo. Kwa hiyo mkuu wa shule alikuwa "the headmaster", na baba zetu wote, waliolima pamba iliyomvisha yeye shati, kila mmoja alikuwa "a farmer". Advebu, yaani kielezi, ndiyo ilikuwa rahisi kuliko zote: chukua neno la sifa, ongeza "ly", kazi imekwisha. "Slow" ikawa "slowly", "quick" ikawa "quickly", "hard" ikawa "hardly". Tuliyaimba hayo kutwa nzima kama watoto wanaofukuza ndege mpungani. Hakuwahi kutusomea hata ukurasa mmoja wa watu wanaozungumza. Aliyeuliza kwa nini aliitwa mkaidi, na aliyesahau ditamina alinyoosha mikono, viganja chini, akachapwa juu ya vifundo vya vidole.

Kabula, niliyeketi naye dawati moja, alikipenda Kiingereza kuliko sisi wote, na ndiye kiliyemwumiza kuliko sisi wote. Siku moja aliambiwa aseme kwamba ng'ombe yuko shambani, akasema "Cow is in farm". Kwetu ukisema ng'ombe yuko shambani, kila mtu anamjua ni yupi na ni shamba la nani. Lakini vikaneno viwili vilikosekana, na fimbo ikashuka kwa ubapa, ikarudi kwa ukingo. Kidole chake cha kati kilivimba kama kiazi. Ulikuwa msimu wa kuchuma pamba, na pamba haichumwi kwa kiganja. Huchumwa kwa ncha za vidole, uzi mweupe ukichomolewa katika ganda linalochoma. Kabula akawa anachuma kwa mkono mmoja, nyuma ya wadogo zake. Mama yake alimkanda kwa maji ya moto. Baba yake alisema mwalimu ni mzazi wa pili, kisha akarudi kwa mifugo yake. Kidole kikapoa kimepinda, wala hakikunyooka tena.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuliposikia kwamba anakuja mkubwa wa elimu kutazama maendeleo ya shule, tulifagia uwanja, tukapaka chokaa mawe ya njiani, na Ng'wandu akaificha fimbo juu ya kabati. Mimi niliona ni siku ya kula wali tu. Kabula aliona zaidi.

"Nitamwambia," alisema, tukirudi kutoka kuteka maji.

"Utamwambiaje? Mgeni wa namna ile hataki kusikia Kiswahili."

"Kwa Kiingereza. Tena kilichonyooka, asipate pa kukishika."

Aliijenga sentensi yake njia nzima, akiipima kwa sheria zote tatu. "The" mbele, kwa kuwa mwalimu ni mtu wa heshima. "S" mkiani mwa kitenzi. Na neno la ukali liongezwe "ly", liwe kielezi. "The teacher beats us hardly." Kwetu maana ilikuwa moja tu: mwalimu anatupiga vikali. Nilimwambia imenyooka.

Mgeni alikuwa mwanamume mnene, mpole, mwenye suti iliyombana. Alituuliza kwa Kiingereza kama tuna furaha, tukajibu "Yes, sir" kwa pamoja. Ndipo akamnyooshea Kabula kalamu, akamuuliza kama walimu wa hapa wanatumia fimbo. Kabula alisimama. Aliweka mikono yote miwili juu ya dawati, kidole kilichopinda kikimwelekea mgeni, akaitamka sentensi yake bila kutetemeka.

Ng'wandu akageuka rangi ya majivu. Kwa sheria yake mwenyewe alikuwa ameshtakiwa, tena mbele ya mkubwa. Lakini mgeni alitabasamu. Katika Kiingereza cha wenyewe, "hardly" haina ukali wowote; maana yake ni kwa nadra, karibu na hapana. Ukitaka kusema vikali, neno ni "hard" lenyewe, bila mkia. Kwa hiyo mgeni alisikia kwamba mwalimu huyu ni kama hatupigi kabisa, akaona kasoro ndogo tu: kielezi hicho hutangulia kitenzi. Alimwelekeza Kabula kwa upole, akamtaka arudie: "The teacher hardly beats us." Kabula akarudia. Tukaamriwa tumpigie makofi. Mgeni akampa Ng'wandu mkono kwa pongezi, naye akaupokea kinywa wazi, hajui hata kidogo ni nini kilichomwokoa. Nimewadharau watu wengi maishani mwangu, lakini hawa wawili nimewatengea kigoda chao: mmoja aliyefundisha asichokijua, na mwingine aliyekijua barabara, akatazama kidole cha mtoto kilichovunjika, akaona mpangilio wa maneno.

"Amesikia?" Kabula aliniuliza alipoketi.

"Amesikia."

"Mbona anacheka?"

Fimbo ilishuka kutoka juu ya kabati kesho yake. Kabula alisubiri, kila gari likipita anageuza shingo dirishani, akidhani wamekuja kumchukua Ng'wandu. Walikuja kweli, wakampandisha cheo. Kabla pamba haijamalizwa kuuzwa, Kabula aliacha shule, na dawati letu likawa langu peke yangu.

Maana ya neno lile niliijua kidato cha tano, kwa mwalimu aliyetusomesha hadithi badala ya sheria. Kabula sikumwambia hadi mwaka jana, nilipomkuta mjini Nyashimo, ana duka la mchele kando ya barabara ya Musoma. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo nilimsifia?"

"Ndivyo mgeni alivyosikia."

"Miaka yote hii nilijua alinielewa, akaona si kitu," alisema. "Sijui hata lipi ni afadhali."

Siku hizi Bariadi mjini watoto wanachukuliwa na mabasi ya njano hadi shule ambazo Kiingereza kimeandikwa hadi kwenye mapipa ya taka. Wazazi wenzangu hutembea wamevimba, wakirudia sentensi za watoto wao kama waumini. Binti yangu anajua tofauti ya "hard" na "hardly", na vibainishi, zile ditamina zetu, havimpigi chenga. Muhula uliopita wageni walifika shuleni kwao, nami nilikuwapo kama mjumbe wa kamati ya wazazi. Watoto walipangwa mstari, wakaulizwa kwa Kiingereza kama wana furaha, wakajibu "Yes, sir", wakaendelea kwa vielezi na vibainishi visivyo na doa. Wageni wakaanza kufunga mikoba. Nikasimama, nikawauliza watoto kwa Kiswahili: "Nani hapa amepigwa wiki hii?"

Mkuu wa shule aliniomba, kwa Kiingereza, nisiharibu utaratibu wa lugha. Nilikuwa natazama mikono ya watoto, na ilikuwa bado inapanda.