Mwalimu Aliyetufundisha Kuita

Taarifa ilinikuta Ntinda, hapa Kampala, nimekwama kwenye foleni ya magari, namtukana kimoyomoyo dereva aliyekuwa mbele yangu. Mwenzangu wa ofisini alipiga simu na kusema bila kuzunguka, "Yule mwalimu wetu wa msituni amefariki. Matanga yako Kamwokya." Nikamuuliza amefia wapi, nikitarajia kusikia habari za nyoka, au mto, au mti ulioangushwa na upepo, maana kazi yake ilikuwa kuwaingiza watu wa mjini porini na kuwafundisha kuishi huko bila duka wala paa. Akaniambia amefia chumbani kwake, mchana kweupe, majirani wakiwa nje wanafua nguo.

Nilikwenda. Pale matangani nilikaa karibu na jirani yake, mke wa askari polisi, mama mmoja kutoka kaskazini ambaye alikuwa amelia mpaka sauti imemkauka. Hakusubiri nimpe pole. Alinishika mkono, akaniambia, "Ukuta ni huu tu, baba. Huu! Nilisikia kitu imeanguka ndani, nikauliza, 'Mama, kuna nini?' Akasema, 'Kikombe tu, niko sawa.' Niko sawa! Nilipompelekea chakula nikamkuta ameketi chini, kitenge iko kwenye meno, ameiuma kabisa, na mwili umepoa. Kwa nini hakuniita? Mimi nilimkosea nini?" Daktari alisema kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, na kwamba maumivu lazima yalikuwa yamemtesa kwa siku kadhaa. Ni ugonjwa unaotibika hapa hapa mjini, ukiwahiwa. Swali la mama yule limekaa nami wiki nzima. Nadhani jibu lake ninalo, ila siku ile sikuwa na ujasiri wa kulitamka mbele ya watu.

Mlionizoea kwenye safu hii mnajua nisivyovipenda vituko vya maofisini. Basi mwaka jana wakubwa wetu waliamua kwamba tutafanya kazi vizuri zaidi tukijifunza kulala chini ya majani, wakatupakia kwenye basi, wakatushusha kwenye ukingo wa msitu nje ya jiji tukiwa na viatu vipya na matumbo ya kukaa kwenye viti. Aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye mdomo mkali na kicheko cha ghafla. Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo ya mashariki, na mimi niliyekulia kambi ya askari, ambako Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, nilimpenda palepale. Aliyatazama matumbo yetu akasema, "Hii nyama yote! Chui watanishukuru." Banange, jamani, tulicheka, lakini baadaye niliona kila mtu anatafuta mwenzake wa kutembea naye.

Alitufundisha kuwasha moto kwa kuni zilizonyeshewa, kujenga kibanda, kutambua maji ya kunywa. Lakini somo alilolishikilia kuliko yote lilikuwa kuita. Alimsimamisha kila mmoja wetu peke yake, akamwamuru apige ukelele wa kuomba msaada mpaka yeye aridhike. Msichezee jambo hilo. Jaribuni leo, mtu mzima mwenye cheo na wajukuu, kusimama mbele ya wafanyakazi wenzenu na kupaza sauti, "Nisaidieni! Nimepotea!" Koo linagoma. Mhasibu wetu aliimba nusu wimbo, mimi nikakohoa, na mkuu wetu wa idara akasema yeye angependa kuanza na somo la moto. Mwalimu hakucheka hata kidogo. Alituzungusha tena na tena hadi tukapiga makelele kama watu waliovamiwa. Kisha mhasibu akamchokoza, "Na wewe, mwalimu? Tuonyeshe." Akavuta pumzi, akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa sauti ndogo ambayo hata mimi niliyekuwa karibu naye niliisikia kwa shida. Akafuta midomo yake kwa kitenge, akasema, "Mimi iko mwalimu. Mwalimu hapotee."

Jioni ile, tukiota moto, nilimuuliza amejifunzia wapi mambo ya msituni. Alinijibu kwa utulivu, macho yakiwa kwenye giza lililokuwa nyuma ya mgongo wangu, mpaka nikageuka kutazama. Alisema alikuwa mtoto vita vilipowafukuza kijijini. Walitembea msituni, kina mama na watoto, na wenye bunduki walikuwa wakiwafuata kwa kusikiliza. Siafu walipompanda miguuni, mama yake alimtia kitambaa mdomoni akamnong'oneza, uma hapo. "Nikauma. Hata leo sijui kulia na sauti. Nyinyi mukipotea, watu watawatafuta kwa mapendo, njo maana mupige kelele. Sisi tulitafutwa kwa kuuawa." Nilitamani kumwambia kwamba sasa yuko Kampala, yamekwisha. Lakini alikuwa bado anasikiliza kitu huko gizani, nikaongeza kuni motoni.

Kesho yake mkuu wetu wa idara alipotea. Alikuwa ameondoka na simu mkononi kutafuta mtandao, na tulipogundua, mawingu yalikuwa yameshashuka juu ya miti na ndege wote walikuwa wamenyamaza. Tulipiga filimbi. Tuliita "Bosi! Bosi!" mpaka tukaishiwa sauti. Kimya. Upepo ukaanza kuvunja matawi, na mahali fulani mbele yetu kulikuwa na kinamasi ambacho mwalimu alikuwa ametukataza kukisogelea. Mhasibu alianza kusali. Mimi niliogopa, nasema wazi, niliogopa kwamba tutarudi na maiti na kwenda kumgongea mkewe mlango. Mwalimu ndiye aliyetunyamazisha. "Muache kumuita vile. Anasikia. Iko na haya. Mukimuita kama muntu wa kupotea, atazidi kwenda mbali ili atoke mwenyewe." Kisha akatuambia tupaze sauti wote pamoja kwamba chai imeiva.

Tukaita. "Bosi, chai tayari! Chai inapoa!" Mara mbili, tatu, huku mvua ikiwa imeanza. Ndipo ikaja sauti kutoka upande ambao hatukuutegemea kabisa, tena si mbali, "Nakuja! Niwekeeni sukari!" Akatokea na kiatu kimoja, matope mpaka kiunoni, akadai alikuwa anatazama mandhari. Baadaye alikiri kwamba kila filimbi aliisikia. Mwalimu alimpa chai kweli, akaenda kuufuata ule mguu wa kiatu. Aliporudi alikuwa amepauka. Akaninong'oneza kwamba kiatu kilikuwa kimezama kwenye ukingo wa kinamasi, na kwamba mtu angepiga hatua chache zaidi hapo, hata kamba isingemtoa. "Kila safari namuona mumoja kama huyu," alisema. "Anaogopa kuchekwa kuliko kufa."

Ndiyo maana namjibu yule jirani hapa, kwa maandishi, kwa kuwa mdomo ulinishinda. Mama, hukumkosea kitu. Alikuwa akiwafundisha wengine jambo ambalo yeye mwenyewe alinyang'anywa utotoni, na uchungu ulipomjia alifanya kama mama yake alivyomwelekeza. Mimi na wenzangu hatuna udhuru huo. Hakuna aliyetutia kitambaa mdomoni, tumejitia wenyewe. Tunaishi Ntinda nyuma ya mageti, jirani tunamjua kwa rangi ya gari lake. Ukiulizwa hali kwa Kiganda unajibu bulungi, ukiulizwa kwa Kiswahili unajibu salama, hata kama umetoka kupewa barua ya kufukuzwa kazi au majibu mabaya ya maabara. Na anayeuliza ameshapita kabla hujamaliza kujibu. Inanitisha, kusema kweli. Naangalia madirisha ya mtaa wetu yakiwa na taa, najiuliza nyuma ya lipi kuna mtu anayesema kikombe tu.

Nilichojifunza kwake ni kwamba kuita kunahitaji mazoezi kama kuwasha moto, na anayengoja mpaka siku ya shida atakuta sauti haipo. Basi mfanye mazoezi kwa mambo madogo, na mkiambiwa "niko sawa," mgonge tena. Kwa upande wangu, tangu wiki iliyopita kuna kitu kinanibana kifuani nikipanda ngazi, na leo kimenibana nikiwa nimekaa tu kwenye kiti. Asubuhi mke wangu aliniuliza mbona jasho linanitoka, nikamjibu ni joto. Yuko jikoni sasa hivi, namsikia akipanga sahani. Safu itakuwa fupi leo, mhariri anisamehe. Naacha kuandika hapa, nampigia ukelele.