Firigisi ya Bata Mzinga

Harufu ya vitunguu, nyanya na dania ikinipiga puani, narudi papo hapo jikoni mwa nyumba tuliyopanga ughaibuni, mjini Euless, karibu na uwanja wa ndege, ndege zikipita juu mpaka vifuniko vya sufuria vinatetemeka. Nilikuwa na miaka kumi. Ilikuwa Sikukuu ya Shukrani yetu ya kwanza tangu baba afariki, na mama alikuwa amemkatakata bata mzinga vipande vipande, akamwunga mchuzi kama kuku wa kienyeji. Nami nilikuwa nimemwalika Ashley, rafiki yangu wa shule, nikamwahidi ndege mzima wa kuokwa, kahawia, katikati ya meza. Aibu niliyoona! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kwetu Kakamega firigisi hailiwi ovyo. Ni ya mwenye nyumba, na miaka yote mama alimwekea baba. Siku hiyo, baada ya sala, shangazi na majirani wakiwa wametulia vitini, mama aliichota kwa kijiko, akawapita wote, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Kula, mama," aliniambia. "Sasa nyumba ni mimi na wewe."

Watu wazima walielewa. Mimi pia nilielewa, na hilo ndilo linaloniuma. Lakini Ashley alikuwa amekunja pua, basi nikaisukuma kando kwa uma, nikamjibu mama kwa Kiingereza kwamba sisi hatuli uchafu huo. Sisi, yaani mimi na Ashley! Mkana kwao ni mtumwa, na utumwa wangu niliutafuta mwenyewe pale mezani. Mama hakunigombeza. Aliirudisha sufuriani, akauliza nani aongezewe ugali.

Siku hizi naishi Houston, na sikukuu hufanyika kwangu. Bata mzinga namwoka mzima, kahawia vile nilivyotaka, na wala hana ladha. Firigisi naipika kando, kwa nyanya na dania. Mwaka jana nilimwekea mama mbele ya wote, maneno ya kuomba radhi nimeshayapanga. Aliitazama, akasema meno yake hayaiwezi tena, akamsogezea mwanangu. Mtoto akajibu kwa Kiingereza kwamba hataki. Nikaanza kumfokea, mama akanishika mkono.

"Mwache," alisema. "Hata wewe ulikuwa mtoto."

Miaka yote hiyo nilijidanganya kwamba amesahau. Nikaivuta ile sahani, nikaila firigisi mwenyewe, imeshapoa, na mama akinitazama mpaka ikaisha.