Upande wa Kushoto wa Vazi la Buluu

Walimwita Sindano tangu ana miaka tisa, kwa sababu alipotua alitua palepale, miguu pamoja, hayumbi wala hatafuti pa kushika. Jina alipewa na mama yake, fundi cherehani, mtu aliyezijua sindano kuliko yeyote pale mtaani. Sasa alikuwa na miaka kumi na tisa na jina lilikuwa limemganda. Hata waamuzi walilijua, ingawa kwenye karatasi zao alikuwa namba tu.

Mama alishonea katika chumba cha mbele. Kulikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia iliyosukumwa hadi ukutani, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na kwenye fremu ya mlango mistari ya penseli ya kila mwaka ambao Sindano alirefuka. Kwa miaka sita mavazi ya mashindano ya wasichana wote wanane wa timu yalitoka kwenye meza ile. Hiyo si kazi ya kila fundi, nikwambie. Kitambaa chenyewe kinavutika huku na huku, na vazi sharti limshike mtu vizuri, maana jimnastiki ina sheria moja inayowashangaza wageni: ukiwa mbele ya waamuzi, ukijivuta nguo tu, umekatwa alama. Nguo ikipanda, iache ipande. Mama aliijua sheria hiyo kuliko waamuzi wengine. Kila vazi alilimaliza kwa kulivuta juu ya goti lake mara ishirini, akihesabu kwa sauti, na halikuwahi kurudishwa hata moja.

Mashindano makubwa ya mwaka ule yalikuwa ugenini, katika ukumbi wenye taa nyingi kupita kiasi. Sindano alikuwa na vazi jipya la buluu na alikuwa na kazi moja, boriti. Boriti ni mti wenye upana wa kiganja, umeinuliwa hadi kimo cha kifua, na juu yake mtu anatakiwa apinduke kinyumenyume huku akijifanya hana wasiwasi hata kidogo. Aliinua mkono kuwasalimu waamuzi, kama inavyotakiwa, akapanda.

Nusu ya kwanza ilikwenda kama maji. Kisha, alipokuwa akijiandaa kupinduka, jicho likamponyoka. Mwamuzi mkuu, mama mmoja aliyevaa miwani yenye mnyororo, aliinamisha kichwa akaandika kitu. Anaandika nini? Sindano alijiuliza. Mbona sijakosea? Alipinduka akiwa bado na swali lile kichwani. Mguu wa kulia ulikanyaga mti, wa kushoto ukakanyaga hewa, na alichosikia baadaye ni mlio wa godoro.

Kuanguka ni alama nzima inakwenda. Alipanda tena, akamaliza, akainua mkono, akatoa lile tabasamu wanalofundishwa. Akawa wa ishirini na tatu.

Pale njiani kuelekea vyumba vya kubadilishia nguo, mtangazaji wa michezo alimsubiri na kipaza sauti.

"Pole sana, Sindano. Nyumbani wanakuona sasa hivi. Nini kimetokea pale juu?"

Jibu lilikuwa fupi: nilimtazama mwamuzi. Lakini hebu fikiria mtu kuyasema hayo mbele ya kamera. Miaka kumi ya mazoezi, magoti yamechubuka, shule amesomea kwenye benchi za ukumbini, halafu kalamu ya mtu mmoja imemwangusha. Aibu ilimpanda hadi masikioni, na ulimi ukakimbilia mahali ambapo hakuuelekeza.

"Nguo," alisema. "Ilipanda upande wa kushoto. Niliogopa kuivuta nisikatwe, nikapoteza mizani."

"Kwa hiyo nguo ndiyo iliyokuangusha?"

"Ndiyo."

Kocha alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo. Alimtazama, kisha akatazama viatu vyake mwenyewe. Chumbani, Sindano alijigeuza mbele ya kioo. Vazi la buluu lilikuwa limekaa kama lilivyokaa asubuhi, halijasogea hata uzi mmoja.

Nyumbani, Mama alikuwa ameyasikia yote. Televisheni ya chumba cha mbele ilikuwa imewashwa, na bibi harusi mtarajiwa alikuwa amesimama mbele ya kioo, gauni limebanwa kwa pini, wateja wengine watatu wako kwenye benchi. Wote walisikia. Mama alikuwa na pini nne mdomoni. Alimaliza kuibana ile mikono ya gauni kwanza. Bibi harusi alirudi kesho yake kuchukua kitambaa chake, akasema shangazi yake amepata fundi wa karibu zaidi.

Sindano aliporudi, Mama alimpokea mlangoni. "Karibu, mwanangu. Pole na safari." Mkoba aliuchukua yeye, akaufungua kabla mwanaye hajakaa, akalitoa vazi na kulitandaza mezani chini ya taa.

"Ilipanda wapi? Nionyeshe."

Hapo palikuwa na nafasi. Wao wawili tu, mlango umefungwa, hakuna kipaza sauti. Sindano alinyoosha kidole akagusa pindo la mguu wa kushoto.

"Hapa?" Mama aliweka alama ya chaki.

"Hapohapo."

"Na mimi nililivuta mara ishirini." Mama alilikunja pindo, akalikunjua. "Labda siku ile niliharakisha. Nilikuwa na yale mapazia ya watu. Nisamehe, mwanangu. Umefanya kazi miaka yote hiyo, nimekuja kukuangusha mimi."

"Usijali, Mama," alisema Sindano. "Yameshapita."

Naam, alimsamehe. Alimsamehe mama yake kwa kosa ambalo mama hakulifanya, na akaenda jikoni kunywa maji. Mpaka leo, akikumbuka neno lile "usijali", masikio humwaka moto.

Wiki ile ile ikaja barua ya chama cha jimnastiki: kuanzia sasa mavazi ya timu yatanunuliwa kiwandani. Mama aliisoma amesimama, akasema wana haki, akaibandika ukutani karibu na kalenda. Halafu akaanza kutoka kila alasiri na mfuko mkubwa. Alikwenda nyumba kwa nyumba kwa wazazi wa wale wasichana saba wengine, akaomba radhi, akachukua mavazi yao ili ayakague bure. Alirudi nayo, akayageuza nje ndani, akavuta lastiki moja baada ya nyingine. Hakuona kitu.

"Hilo ndilo linalonitisha," alimwambia Sindano bila kuinua kichwa. "Ningeliona kosa, ningelirekebisha. Sasa kama macho yangu hayalioni tena, nashona nini?"

Sindano alijikaza kisabuni, akasema ana mazoezi.

Na huko mazoezini mambo yalikuwa yameharibika. Aliyeitwa Sindano alianguka hata kwenye boriti ya chini, ile ya watoto, inayokaa juu ya magodoro. Mchujo wa timu ulikuwa wiki tatu mbele. Siku moja, wakati wenzake wanapaka chaki mikononi, alimwendea Kocha.

"Kocha, ile nguo haikupanda."

"Najua," alisema Kocha. "Nilikuwa nakutazama wewe, si nguo."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, kwamba mchezaji wangu anadanganya?" Alikuna shavu. "Wewe acha. Ukisema leo, waamuzi watakuona mwongo, na mchujo unakuja. Mama yako mtu mzima, atasahau."

Kwa siku mbili maneno hayo yalimfaa. Alijiambia kwamba Kocha ana uzoefu, kwamba kila jambo na wakati wake, na mengine ambayo mtu hujiambia akitaka kulala.

Siku ya tatu Mama alimkabidhi vazi la buluu likiwa limekunjwa vizuri. "Nimelirekebisha. Pale uliponionyesha nimefumua, nikapanua pindo, lastiki nimeilegeza. Najua la kiwandani ndilo mtakalovaa kwenye mchujo. Hili livae mazoezini tu, unieleze. Nataka kujua kama bado ni fundi."

Alilivaa. Alipanda boriti, akainua mkono kwa mazoea, na kwenye mruko wa kwanza tu akahisi kitu ambacho hakuwahi kukihisi katika nguo yoyote ya mama yake. Upande wa kushoto ulikuwa unapanda. Ulijikunja, ukalegea, ukapanda tena, palepale alipoweka kidole. Fundi alikuwa amefumua mshono mzima usio na kosa, akaufuata uongo kwa vipimo. Sindano alishuka mwenyewe, polepole, akakaa kwenye godoro na kujifunika taulo. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Alifika nyumbani jua halijazama. Mama alizima cherehani aliposikia mlango.

"Vipi? Bado inapanda?"

Sindano alitazama lile pindo. Akisema hapana, huo ni uongo wa tatu. Akisema ndiyo akanyamaza, basi mama yake hataishika tena nguo ya mtu kwa mkono usiotetemeka.

"Sasa inapanda," alisema. "Mwanzoni haikupanda."

Mama hakuelewa, au hakutaka kuelewa haraka. "Haikupanda lini?"

"Kule. Haikupanda, Mama. Nilimtazama mwamuzi akiandika, nikaanguka. Niliona haya kusema. Nikasema nguo."

Mama alilichukua vazi, akalitandaza mezani. Alipitisha kidole gumba juu ya ule upande wa kulia ambao hakuugusa, kisha juu ya wa kushoto. Alifanya hivyo mara mbili. Sindano alisubiri apigwe, atukanwe, afukuzwe, lolote, ili mradi liishe.

"Kwa hiyo nilikuwa naona vizuri," alisema Mama hatimaye.

"Ulikuwa unaona vizuri."

"Ukaniacha nikakuomba msamaha."

Sindano alilia, lakini Mama hakunyanyuka kumbembeleza, na mwenyewe alijua hana haki ya kubembelezwa.

"Nitamtafuta yule mtangazaji," alisema akijifuta kwa kiganja. "Nitasema tena, mbele ya kamera."

"Wa kamera wameshasahau." Mama aliinama chini ya meza, akavuta mfuko mkubwa. Ndani yake yalikuwa mavazi saba, yamepigwa pasi, kila moja na kipande cha karatasi kimebanwa kwa pini: jina la nyumba na vipimo vya msichana. "Mimi nilipita kwa hawa. Wengine walinipa kiti, wengine hawakunipa. Utayarudisha wewe. Kwa miguu, kama mimi."

"Leo?"

"Jua bado lipo."

Mlango wa kwanza ulikuwa wa kijani, mtaa wa tatu, nyumbani kwa msichana mdogo kuliko wote timuni. Sindano alisimama na mfuko begani. Moyo ulimwenda mbio kuliko ulivyowahi kumwenda chini ya taa za ukumbi wowote, kwa sababu huku hakukuwa na alama ya kukata wala ubao wa kuonyesha amepata ngapi. Aliinua mkono, akabisha.

Mama mwenye nyumba alifungua, akatabasamu kumwona nyota wa timu.

"Shikamoo, Mama. Nimeleta vazi. Mama yangu alikuja hapa kuomba radhi. Halikuwa kosa lake. Nguo ilikuwa nzima. Nilianguka mwenyewe, nikamsingizia."

Tabasamu lilimwisha yule mama taratibu. Alilipokea vazi, akalitazama, kisha akatazama kizingiti.

"Alisimama hapohapo uliposimama," alisema. "Alikuwa anatetemeka. Sikumkaribisha ndani."

Wakasimama hivyo wote wawili, kila mmoja ana aibu yake. Halafu mwenye nyumba akaufungua mlango wazi kabisa na kusogea pembeni ampishe. Sindano alitikisa kichwa, akasema asante, akaupandisha mfuko begani. Ilikuwa bado milango sita.