Wimbo Mlangoni Petu

Harufu ya samaki wakavu wakikaangwa kwa mawese hunirudisha mtaa wa Dilala, mjini Kolwezi, kwenye nyumba za kampuni zilizobanana hata ukipiga chafya jirani anakuombea afya. Mimi, Ngalula, asili yangu ni Kasai, lakini Kasai yenyewe sikuwa nimeiona. Babu ndiye aliyeletwa kuchimba shaba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Babu alipewa lake, akalishika mpaka vumbi likammaliza kifua. Kumbe wapi! Bado tulikuwa wageni.

Mtaani tulikuwa na wimbo wa kuisifu Katanga, mkoa wetu. Nyumba ikipata furaha, kina mama waliuimba mlangoni, na mwenye nyumba alitoka akicheza kuwapokea. Mwanzishaji alikuwa Mama Feza, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. "Katanga mama yetu, hatupi batoto yake!" Mdogo wangu Kabeya alipozaliwa waliimba mpaka sauti zikakauka, na Mama Feza akambeba kama wa tumbo lake. Nami niliitikia kwa nguvu zote. Niliipenda Katanga ile, jamani, niliipenda kweli.

Kiangazi kilichofuata wanasiasa wakaanza kuhubiri kwamba Wakasai warudi kwao. Baba alipuuza. "Hawa tumekula nao sahani moja," alisema. Asubuhi moja tukasikia wimbo mlangoni. Mama, masikini, alidhani majirani wamekuja kutuonyesha kuwa wako upande wetu. Akajifunga kitenge kizuri, akambeba Kabeya, akafungua mlango akicheza. Nje walisimama vijana wenye fimbo, na mbele yao Mama Feza, akiimba.

"Mama Ngalula, mutoke. Murudie kwenu," alisema, macho chini.

"Kwetu ni wapi, Mama Feza? Haiko hapa?"

Alipandisha sauti, akaendelea na wimbo. Kikulacho ki nguoni mwako; sisi chetu kilikuwa kinatuimbia.

Tulilala stesheni na mamia ya wenzetu, tukingoja treni ya Kasai isiyojulikana itakuja lini. Surua ikaingia, ikamchukua Kabeya kabla treni haijafika. Tulimzika kando ya reli, bila hata msalaba wa mti.

Leo nauza vitenge Mbuji-Mayi, huko Kasai, ambako nako watu huniita Mkatanga. Mwaka jana biashara ilinipeleka Kolwezi. Zamani king'ora cha mgodi ndicho kilichotuamsha. Sasa ni pikipiki za teksi, na nyumbani mwetu anakaa mtoto wa Mama Feza. Yeye mwenyewe, kikongwe, alinikumbatia akilia.

"Mutoto yangu! Mulipoteaka wapi? Hata kutuaga, hapana!"

Nilitaka kumpigia kelele mtaa mzima usikie, nikashindwa. Akanishika mkono.

"Na ule mutoto nilikuwa nabeba, Kabeya? Sasa ni mwanaume, eh?"

"Alibakia pa stesheni, mama. Surua. Hakupanda treni."

Akauachia mkono wangu.

"Ile ilikuwa politiki, mwanangu," alisema, kisha akaniuliza kama nitakunywa chai.