Uji Ulioruka Roshani

Mjukuu wangu ana mashavu kama maandazi yaliyoumuka, na mtu asiniambie ameyatoa kwa baba yake. Baba yake ana uso wa jembe. Mashavu yale ni ya uji, na nayajua yalikotoka kwa sababu nilikuwepo.

Nilienda Doha kwa sababu tumbo la binti yangu lilikuwa limekataa chakula. Alikuwa na mimba ya kwanza, imeanza kuonekana, na kila alichokila kilirudi. Wali ulirudi, mkate ulirudi, hata maji yalikuwa yanafikiria kwanza kama yatakaa. Daktari alimpandisha kwenye mzani akaona anapungua badala ya kuongezeka. Akampa majuma machache. Akasema akirudi mzani haujapanda, atalazwa atiwe maji kwenye mshipa, na kazi aache.

Hapo yeye na mume wake wakakata shauri, na lilikuwa shauri chungu. Mzani ukikataa, binti arudi kwetu Bungoma ajifungulie kwangu, mume abaki kazini.

Sasa mniangalie vizuri. Hao wawili walianza ndoa mmoja huku na mwingine kule, wakipendana kwa simu. Mume alitangulia Doha, akawa askari wa kulinda majengo kule Lusail, mpaka akapandishwa akawa msimamizi wa zamu ya usiku. Binti akafuata baadaye sana, akapata kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno. Walipopata chumba na sebule mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, binti yangu alinipigia simu ya picha akanionyesha hata kitasa cha mlango. Halafu leo mtoto azaliwe, baba amwone kwenye kioo cha simu kama mtangazaji wa habari? Alinipigia analia. "Mama, sitaki kuzaa bila yeye."

Nikamwambia, "Nyamaza. Nakuja na unga."

Unga wenyewe ulikuwa wa wimbi uliochanganywa na mtama. Nilisimama kwenye kinu nikimwangalia mwenye mashine asinitilie mahindi ya watu. Nilipofika uwanja wa ndege wa Doha, kijana mmoja wa ukaguzi akafungua begi, akanusa, akaniuliza kwa mikono ni nini. Nikamwambia, "Chakula cha mtoto." Akafungua mikono kuuliza, mtoto yuko wapi? Nikajipiga tumboni. Nilitaka kumwonyesha kwamba binti yangu ni mja mzito. Yeye akatazama tumbo langu, akatazama nywele zangu nyeupe, akamwita mwenzake aje naye atazame. Walicheka mpaka wakanifungia begi wenyewe.

Mkwe wangu alinipokea kwa adabu, yaani kwa mbali. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawashikani mikono, hawali meza moja, wala hawatazamani usoni kama watu wanaodaiana jibu. Kulala nyumba moja ndiyo usiseme. Walikuwa wamempigia kaka yangu mkubwa kuomba ruhusa, naye akajibu, "Mila haipandi ndege. Fungeni pazia." Basi wakafunga shuka katikati ya sebule, upande mmoja kitanda changu, upande mwingine njia ya kwenda jikoni. Mkwe akipita ananisalimia akitazama friji. "Shikamoo, Mama." Nami naitikia nikitazama dirisha. Tuliishi hivyo, na tulielewana sana.

Nikawa nawatazama hao wawili kupitia tundu la shuka. Mwanamume anarudi asubuhi amechoka, macho mekundu, na kabla hajalala anampigia mke wake pasi sare ya kazi. Mke anamwekea malapa mlangoni, ya kushoto kushoto na ya kulia kulia, asihangaike kuyatafuta. Wanapishana mlangoni, mmoja anaingia na mwingine anatoka, na hapo hapo wanamaliza mambo yao yote.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Imekaa?"

"Imekaa mpaka kwenye lifti."

Mume anacheka, lakini ameshika mlango hataki kuufunga.

Nilijaribu kila kitu. Nilipika ndizi, nikapika kunde, nikachemsha samaki mpaka jengo zima likajua. Vyote vilirudi. Siku moja amekaa sakafuni bafuni, kichwa ukutani, akaniambia, "Mama, mimi najua ninachotaka. Nataka uji wa kuchacha. Ule wa siku za palizi, unaong'ata ulimi."

"Si nimekupikia uji jana?"

"Ule ulikuwa mtamu. Mtamu ndio unaniua."

Kumbe shida ilikuwa hapo. Uji wa kuchacha hauna ufundi mkubwa. Unakoroga unga na maji vuguvugu, unafunika, unauweka karibu na mafiga yenye joto, unauacha mpaka uanze kuongea peke yake. Ukisikia unatoa mapovu na kunong'ona, uko tayari kupikwa. Lakini nyumba ile haina mafiga, na AC haizimwi, kwa sababu mkwe analala mchana na bila AC mtu anaiva kama muhogo. Ndani kulikuwa na baridi ya Molo. Unga wangu nikiufunika jioni, asubuhi unanitazama vilevile, kimya, kama mgeni aliyekataa chai. Majuma ya daktari nayo yanakwenda.

Ijumaa moja nikasema, nje si kuna joto la bure? Nikakoroga unga kwenye mtungi wa plastiki, ule mkubwa wa maji ya kununua, nikaujaza mpaka shingoni. Nikauweka roshani juani. Na kwa sababu kulikuwa na upepo wa vumbi, nikafunga kifuniko. Nilikifunga kwa nguvu za mwanamke aliyelima maisha yake yote. Nikarudi kujinyoosha.

Mshindo uliosikika alasiri ulikuwa kama wa gurudumu la lori lililopasuka. Mkwe wangu, askari wa kweli, alitoka usingizini na tochi mkononi, akapenya shuka langu, akafika roshani kabla yangu. Alikuwa amevaa fulana na chupi. Tukasimama pale uso kwa uso, mtungi umepasuka katikati yetu, uji unatiririka ukutani. Nikajifunika uso kwa leso. Yeye akajifunika kwa tochi. Sijui ilikuwa imfunike nini.

"Mama, sijakuona," akasema.

"Nami sijakuona. Nenda kavae."

Bado tunapangusa, mlango ukagongwa. Alikuwa jirani wa chini yetu, mama wa Kisudani wa umri wangu, mrefu, amejifunga kitambaa chake kizuri mpaka kichwani. Mkononi ameshika kanzu ya mume wake, nyeupe, iliyokuwa kwenye kamba. Sasa ilikuwa na madoa kama chui. Nyuma yake amesimama mlinzi wa jengo, kule wanamwita natur, mzee asiyecheka hata akilipwa. Mama yule akaninyooshea kanzu puani, akaniuliza kwa ukali neno moja.

"Khamr?"

Mimi Kiarabu changu kilikuwa neno moja la ndiyo na moja la hapana. Lakini hilo nililisikia vizuri, nikafurahi. Nikajua anasema hamira. Mwanamke mwenzangu ananusa kitu kilichochacha, anauliza kama nimetia hamira. Nani atajua habari za hamira kama si mpishi? Nikaitikia kwa kichwa, kwa nguvu.

"Aiwa," nikamwambia. Ndiyo. "Aiwa, aiwa. Mimi mwenyewe." Nikajipiga kifua. Nikaonyesha ndani kwamba uko mwingine jikoni.

Mama akarudi nyuma hatua. Natur akatoa simu mfukoni.

Binti yangu akatoka chumbani amejishikilia ukutani. Yeye Kiarabu amekiokota kwa wagonjwa wa meno. Akasikiliza, akanigeukia uso umemwisha damu.

"Mama, umewaambia nini?"

"Ameuliza hamira, nimekubali."

"Hakuuliza hamira. Ameuliza pombe. Umekubali kwamba unapika pombe kwenye roshani, na nyingine iko jikoni."

"Mimi? Mama wa kanisa?"

"Mama, kwa jambo hilo hapa wanatufungasha virago wote. Hata daktari hatasubiriwa."

Akamwomba natur kwa Kiarabu asubiri kidogo. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu nifike, lakini hapo midomo ilikuwa inamcheza: "Hamira hata wao wanaijua, wanaiita karibu hivyo hivyo. Ungengoja amalize. Wewe umekubali nusu ya neno."

Maneno hayangeniokoa, nikaona heri sufuria. Nikamshika yule mama mkono, nikamvuta jikoni. Kwenye bakuli palikuwa na unga kidogo niliouokoa kwenye kitako cha mtungi uliopasuka, nao ulikuwa umechacha sawasawa, unanong'ona. Nikabandika maji. Mama amekunja mikono kifuani, natur amesimama mlangoni kama hakimu. Maji yalipochemka nikamimina, nikakoroga kwa mwiko, mkono haukupumzika. Harufu ikapanda, ile harufu ya ukali inayofungua mate.

Nikaona yule mama ameachia mikono. Akasogea. Akainamia sufuria, akavuta pumzi, akasema polepole, "Nasha."

Mimi nikasikia "naisha". Nikamvutia kiti upesi, nikidhani moyo wake umegoma. Akakataa kiti, akachovya kidole, akakilamba, akafumba macho. "Nasha," akasema tena, na sasa akacheka, na meno yake yalikuwa mazuri.

Binti yangu akatafsiri. Kwao Sudan wanachachusha unga wa mtama, wanapika uji mwepesi, wanaunywa wakifungua saumu, na jina lake ndilo hilo.

"Mwambie si nasha," nikasema. "Ni uji."

"Anasema ni nasha, umeutia unga mwingi mno."

"Mwambie wa kwake ni maji ya kuoshea mikono."

"Hilo siwezi kumwambia, Mama."

Tulikuwa tunabishana hivyo, mimi kwa lugha yangu na yeye kwa yake, nilipogeuka nikaona kikombe nilichokuwa nimekichota kipoe hakipo. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda amekishika kwa mikono miwili. Amekinywa chote. Masharubu ya uji juu ya mdomo.

Mkwe alikuwa ametokea na suruali yake, akasimama nyuma ya natur. Sote tukamtazama binti yule kama watu wanaolinda maziwa yasifurike. Akameza mate. Akashika kifua. Mume wake akanyanyua ndoo tayari.

Akacheua, cheuo la mwanamume aliyelipwa mshahara. Kisha akanyoosha kikombe. "Ongeza."

Natur akarudisha simu mfukoni. Nilimpa naye kikombe, akanywa amesimama, akasema kitu kwa binti yangu bila kutabasamu.

"Anasema nini?"

"Anasema kifuniko usikaze."

Tangu siku hiyo yule mama wa chini akawa shoga yangu. Ile kanzu niliifua mimi, kwa mikono, si mashine, ikarudi ina weupe wa kumfedhehesha mwenyewe. Yeye ndiye aliyenionyesha alikokuwa anaficha unga wake: kwenye kabati lililo juu ya bafu, pembeni ya tangi la kuchemshia maji. Kuna joto la upole pale, joto la mafiga kabisa. Kila fleti ya jengo lile ina kabati hilo, nami nilikuwa natafuta joto juani. Binti yangu akamwita khalti, yaani mama mdogo. Mimi yule mama akaniita hajja. Mimi niliyebatizwa mtoni nikawa hajja, na niliitika.

Binti akanywa uji asubuhi, akabeba mwingine kwenye chupa ya chai kwenda kazini, akarudi akanywa tena. Mlangoni wakipishana na mume wake nikawa nawasikia nikiwa nyuma ya shuka:

"Imekaa?"

"Imekaa. Na imeomba mwenzake."

Siku ya daktari ikafika. Tulienda watatu kwa teksi, mimi mbele, wao nyuma. Kwenye benchi la kungojea mkwe aliacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu kwa heshima, akaweka kofia yake pale. Nikamwona anaizungusha kofia, anaizungusha. Mimi nilikuwa na begi nimelikumbatia. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba mzani ukikataa sitalia mbele yake, nitangoja nifike nyuma ya shuka langu.

Binti akatoka. Alikuwa anatembea kwa madaha kama bata, na tumbo amelitanguliza makusudi.

"Umepanda," akasema. "Na daktari anauliza nakula nini. Nimeshindwa kumwambia Kiingereza chake."

"Unabaki?" akauliza mume wake.

"Nabaki."

Mkwe akasimama, akapangusa uso kwa kofia, akageuka, na aliyekuwa karibu naye nilikuwa mimi. Akanikumbatia. Mbele ya watu, kifua kwa kifua, mpaka begi langu likaanguka. Halafu akakumbuka. Akaniachia kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, akatazama dari, akasema, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba," nikamwambia nikitazama sakafu. "Kwetu faini ya kosa hilo ni mbuzi."

"Najua, Mama."

"Beberu. Na asiwe mkonde."

Mtoto alizaliwa Doha, baba yake akiwa nje ya mlango, na mtu wa kwanza kumbeba baada ya wazazi nilikuwa mimi, wa pili yule mama wa Kisudani. Mpaka leo tunagombania mashavu yale kwa simu. Yeye anasema ni ya nasha, mimi nasema ni ya uji. Na beberu alikuja nyumbani Bungoma mwezi uliofuata kurudi kwangu, amefungwa kamba mpya shingoni. Nilimkagua mbavu kwanza, nikampokea.